Saa Nne

Waya huja kwa meli, umeviringwa kama ngata ya jitu,
hukaa uani Miritini ukipata kutu ya chumvi,
kisha tunauosha kwa asidi
unatoka kijivu, umeona haya.

Mashine ya kwanza huukata. Ya pili huupiga utosini,
pigo moja, na la pili, kichwa kinavimba pembe sita.
Bila moto. Watu hudhani kila chuma hupigwa kingali chekundu;
hiki hupigwa baridi,
kama mtu anayeambiwa ukweli kabla ya chai.

Meno yake hatuyachongi. Anayechonga hukata mishipa.
Tunayabana kati ya vibao viwili vinavyopishana
kama viganja vinavyosokota kamba ya makumbi,
nyuzi za ndani zijikunje, zisikatike.

Kisha tanuri, digrii mia nane na themanini.
Kisha mafuta: bolti hulia mara moja tu, fsss,
ikanyamaza. Sasa ni ngumu. Ngumu ya bure.
Ipige nyundo, itapasuka kama sahani.
Kwa hiyo tunairudisha kwenye moto mdogo, moto wa huruma,
ipunguziwe kiburi mpaka iweze kubeba.

Halafu zinki, ili chumvi ya hapa isiile.
Na hapo katika beseni la zinki ndipo mgeni huingia,
haidrojeni, hewa ndogo kuliko zote,
hupenya chuma bila hodi na kukaa humo kimya.
Dawa yake ni joto, na joto lisichelewe.
Ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu: NDANI YA SAA NNE.

Saa nne ni muda, na saa nne ni wakati,
na usiku ule tulikuwa nazo zote mbili.
Zilitoka kwenye zinki saa nne. Stima ikapotea.
Giza tupu mpaka Mikindani.
Jenereta ikakohoa, ikakataa;
dizeli yake ilikuwamo kitabuni tu.

Stima ikarudi saa kumi, pamoja na adhana ya Jomvu.
Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Sita.

"Tia tanurini, Mbodze," akasema Mwakio msimamizi.
"Nani atachungulia ndani ya chuma?"

Nikatia. Zikatoka mchana ziking'aa kama vyombo vya arusi.
Kipimo cha ugumu, zimepita.
Nikaivuta moja kwa mashine mpaka ikakatika
pale pale ilipotakiwa kukatika.
Lori la mteja lilikuwa langoni, likingoja sahihi yangu.
Zilikuwa za kreni ya bandarini, na mimi namjua
anayekaa juu kwenye kile kibanda cha vioo:
Shekue, mtoto wa jirani, hula njugu akatupa maganda chini.

Nikachukua tano, nikazikaza kwenye bamba kwa spana ndefu
mpaka mkono ukasema basi.
Nikakaa. Nikala mofa yangu.
Mwakio alipita mara tatu bila salamu.

Magharibi, hakuna kitu. Isha, hakuna.
Nikaanza kuona aibu
kama mtu aliyeita polisi kumbe ni paka.

Usiku, hakuna aliyezigusa, hata upepo,
tak.

Kichwa kiliruka, kikabingirika chini ya meza,
kikakoma kando ya kiatu cha Mwakio.
Akakiokota. Palipovunjika pakameta chembechembe, kama chumvi ya mawe.
Alikuwa bado anakitazama
ya pili ilipolia.

Sikuangalia saa. Yeye ndiye aliyeangalia.

Elfu nne na mia mbili zikaenda kuyeyushwa.
Ovataimu yangu ya usiku ule haijalipwa hadi leo.
Lakini kile kichwa ninacho nyumbani, chapa yake kumi nukta tisa,
nimekiweka mezani juu ya bili ya stima
feni isiipeperushe.